Kichupa cha damu kilichosahaulika dirishani Rochford

Treni inayotoka kituo cha Liverpool Street, London, kwenda Southend hukata mashamba tambarare ya Essex, mashariki mwa Uingereza, na kwa takribani saa moja husimama Rochford. Ni mji mdogo. Kutoka kituoni hadi uwanja wa soko wa zamani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mto Roach unapita kando ya mji ukielekea baharini, na ndege za uwanja wa Southend hupaa karibu kabisa na mapaa ya nyumba.

Abiria wengi hawashuki hapa. Huendelea hadi Southend kwenye ufukwe na gati lake maarufu la starehe, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2. Wachache wanaoshuka Rochford huja kuona jumba la Rochford Hall lililokuwa la familia ya Boleyn, ile iliyomtoa Malkia Anne Boleyn aliyekatwa kichwa mwaka 1536. Leo sehemu ya jumba hilo inatumiwa na klabu ya gofu.

Lakini mzazi ambaye mtoto wake amewahi kulazwa chini ya taa ya buluu ana sababu nyingine ya kuujua mji huu. Katika hospitali ya Rochford, mwaka 1956, muuguzi mmoja, kona ya shuka na kichupa cha damu viliwafundisha madaktari mambo mawili ambayo hadi leo huokoa ubongo wa watoto wachanga. La kwanza ni kwamba mwanga hushusha manjano. La pili, ambalo wazazi wengi hawalisikii, ni kwamba macho hudanganya, na jibu la kweli liko kwenye damu.

Mji uliojua uchungu wa kuchelewa

Kabla ya kufika hospitalini, kuna habari nyingine ya Rochford inayowahusu wazazi. Mwaka 1838 mtu mmoja wa mji huu, James Banyard, alianzisha kikundi cha Kikristo kilichojulikana kama Peculiar People, yaani watu wa pekee. Waumini wake waliamini kwamba mgonjwa huombewa na kupakwa mafuta, na kumwita daktari ni kupungukiwa na imani.

Kikundi kilienea katika vijiji vya Essex. Walikuwa wazazi waliowapenda watoto wao kama mzazi mwingine yeyote, lakini watoto walipougua nimonia au dondakoo, wengine walikufa bila kuonwa na daktari. Kesi zilifika mahakamani. Mwishoni mwa karne ya 19 baba mmoja wa kikundi hicho alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia baada ya mtoto wake mchanga kufa kwa nimonia. Baadaye kikundi chenyewe kiligawanyika kuhusu suala la tiba, na waumini wengi wakaanza kwenda kwa madaktari huku wakiendelea kuomba.

Habari hiyo haikuhusu manjano. Hata hivyo inaonyesha jambo ambalo kila mzazi analijua moyoni: mara nyingi mtoto hupotea kwa kuchelewa, na kuchelewa huko huweza kutoka kwa mzazi anayempenda sana mtoto wake.

Sista aliyependa hewa safi

Hospitali ya Rochford ilianzia kwenye nyumba ya kuwatunzia masikini ya karne ya 19. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa na wodi ya watoto njiti, na msimamizi wake alikuwa Jean Ward, aliyeitwa sista, kama wauguzi wakuu wa wodi wanavyoitwa Uingereza.

Sista Ward hakupenda joto zito la mashine za watoto njiti. Aliamini hewa safi na jua vina faida kwa mtoto. Siku za kiangazi zilipokuwa na joto la kutosha, aliwasukuma watoto kwenye vitanda vyao hadi uani, akawaacha wapate hewa, kisha akawarudisha ndani kabla wakubwa hawajapita.

Siku moja ya mwaka 1956 madaktari walipokuwa wakizunguka wodini, aliwaonyesha mtoto mmoja akiwa amevuliwa nguo. Mwili wa mtoto ulikuwa na manjano hafifu, ila sehemu moja ya ngozi, yenye umbo la pembetatu, ilikuwa ya njano iliyokolea. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulionekana wazi. Mmoja wa madaktari alidhani mtoto amepakwa dawa. Sista akaeleza kwamba hakuna aliyempaka kitu. Pembetatu ile ilikuwa imefunikwa na kona ya shuka mtoto alipokuwa juani. Sehemu iliyofunikwa ilibaki na manjano yake, na mwili uliobaki ndio uliopauka.

Mtoto aliendelea vizuri na akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa wakati ule habari ikaishia hapo.

Wiki kadhaa baadaye damu ya mtoto mwingine mwenye manjano makali ilipelekwa maabara. Majibu yalipotoka, kiwango kilikuwa cha chini sana kuliko walivyotarajia kwa mtoto aliyekuwa na hali ile. Walipofuatilia, ilibainika kwamba kichupa cha damu kilikuwa kimeachwa kwenye kizingiti cha dirisha, juani, kwa saa kadhaa kabla ya kupimwa.

Hapo ndipo Dk Richard Cremer alipoikumbuka ile pembetatu ya uani. Jua lililoishusha rangi kwenye ngozi ya mtoto ndilo lililoishusha kwenye kichupa. Akishirikiana na mtaalamu wa maabara P. W. Perryman na mwenzao D. H. Richards, walipima damu iliyowekwa kwenye mwanga, kisha wakapima watoto wenyewe. Wakatengeneza kifaa chenye taa za buluu za kuning'inizwa juu ya kitanda cha mtoto, ili wasitegemee jua la Uingereza ambalo hujificha siku nyingi. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1958.

Dunia haikukimbilia taa hizo mara moja. Marekani, kwa mfano, zilianza kukubalika baada ya utafiti wa Dk Jerold Lucey na wenzake wa Vermont, uliochapishwa mwaka 1968. Leo taa za buluu zimo katika wodi za watoto wachanga duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo.

Manjano haya yanatoka wapi

Kwanza tutenganishe majina. Manjano ya mtoto mchanga si homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Haya hayaambukizi, na hayatokani na kitu alichokula mama.

Seli nyekundu za damu zikichakaa, mwili huzivunja. Katika kuvunjwa huko hutoka kitu cha rangi ya njano kiitwacho bilirubini. Ini huibadilisha ili itoke kupitia nyongo na kinyesi. Mtoto mchanga huzaliwa na seli nyekundu nyingi ambazo maisha yake ni mafupi, na ini lake halijakomaa. Kwa hiyo bilirubini hujaa kuliko inavyotoka. Karibu watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi, na 8 kati ya 10 njiti, hupata manjano katika wiki ya kwanza. Wengi wao hupona bila tiba yoyote.

Hatari iko kwa wale wachache ambao bilirubini yao inapanda kupita kiasi. Bilirubini ikiingia kwenye ubongo huchagua maeneo ya ndani, yale yanayoongoza miondoko ya mwili, usikivu na macho. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Christian Georg Schmorl wa Dresden, Ujerumani, alieleza jinsi viini hivyo vya ubongo vya watoto waliokufa vilivyokuwa na rangi ya njano, na hali hiyo akaipa jina lililotumika hadi leo, kenikterusi. Mtoto anayenusurika nayo anaweza kubaki na mtindio wa ubongo unaomfanya ashindwe kutawala miondoko yake, au akawa kiziwi. Akili yake huweza kuwa nzima ndani ya mwili usiomtii. Ubongo ukishaharibika hivyo, taa haiurudishi ulivyokuwa.

Damu husema nini

Kinachofanyika wodini ni kuitafuta hatari hiyo mapema, kabla haijafika kwenye ubongo. Njia ya uhakika ni damu, kwa kawaida matone machache yanayotolewa kisiginoni. Damu hiyo hujibu maswali manne.

Swali la kwanza: bilirubini ni kiasi gani? Nambari peke yake haitoshi, ni lazima iende na umri wa mtoto kwa saa. Katika mwongozo wa Uingereza, mtoto wa wiki 38 au zaidi mwenye saa 24 huwekwa kwenye taa akipita mikromoli 200 kwa lita. Mtoto wa aina hiyohiyo akiwa na siku nne, kizingiti ni 350. Kwa hiyo 250 kwa mtoto wa jana ni dharura, na kwa mtoto wa siku nne huweza kuwa jambo la kufuatilia tu. Njiti wana vizingiti vya chini zaidi.

Mzazi pia aangalie kipimo kilichotumika. Hospitali nyingine huandika kwa miligramu kwa desilita, na hapo nambari huwa ndogo. Miligramu 1 kwa desilita ni sawa na mikromoli 17 hivi kwa lita. Kwa hiyo 20 ya hospitali moja ni karibu 340 ya hospitali nyingine. Wapo wazazi wanaopumua wakisikia "ishirini tu", kumbe nambari hiyo ni kubwa.

Swali la pili: inapanda kwa kasi gani? Ndiyo maana mtoto hutobolewa zaidi ya mara moja. Kipimo kimoja huonyesha mtoto alipo, viwili huonyesha anakoelekea. Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza hayahesabiwi kuwa ya kawaida hata kidogo, kwa sababu yanaonyesha seli zinavunjwa kwa kasi.

Swali la tatu: kwa nini inapanda? Hapa hutafutwa kundi la damu la mama na la mtoto. Mama wa kundi O mwenye mtoto wa A au B, au mama mwenye Rh hasi na mtoto mwenye Rh chanya, anaweza kuwa na kingamwili zinazoshambulia seli za mtoto. Kipimo kinachozigundua kinaitwa Coombs. Kilitoka Cambridge, mji mwingine wa mashariki mwa Uingereza, mwaka 1945, na kimebeba jina la Robin Coombs, mmoja wa waliokigundua.

Kipo pia kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinachozilinda seli nyekundu. Upungufu wake hurithiwa, huwapata zaidi wavulana, na ni wa kawaida katika nchi zenye historia ndefu ya malaria, pwani ya Afrika Mashariki na Oman zikiwemo. Mtoto mwenye upungufu huo anaweza kuonekana mzima kabisa, kisha seli zake zikavunjika kwa ghafla baada ya kukutana na kichocheo. Kichocheo kimoja kinachojulikana ni vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo vinavyowekwa kwenye sanduku la nguo. Mtoto akivalishwa nguo zilizohifadhiwa na vidonge hivyo, au akifunikwa kwa blanketi lake, huweza kufikishwa hospitalini akiwa na manjano makali.

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote: bilirubini hii imeshikwa, au iko huru?

Abiria asiye na kiti

Kulielewa swali hilo inabidi kuvuka Atlantiki hadi New York, mwaka uleule wa 1956 ambao Sista Ward alionyesha pembetatu yake. Dk William Silverman na wenzake walichapisha ulinganisho wa dawa mbili zilizotumika kuwakinga watoto njiti na maambukizi. Kundi moja lilipewa penisilini pamoja na dawa ya salfa. Jingine lilipewa dawa tofauti. Katika kundi la salfa, watoto wengi zaidi walikufa, na wengi zaidi walikutwa na manjano ndani ya ubongo. Cha kushangaza, bilirubini kwenye damu yao haikuwa juu.

Maelezo yalikuja miaka michache baadaye. Damu ina protini iitwayo albumini. Mfano wake ni daladala, na bilirubini ni abiria. Abiria akiwa kwenye kiti, hupelekwa salama hadi kwenye ini na hawezi kushuka njiani kuingia kwenye ubongo. Salfa ilipanda kwenye daladala hiyohiyo ikawanyang'anya abiria viti vyao. Bilirubini ikabaki bila kiti, na iliyo huru ndiyo inayoweza kupenya hadi kwenye ubongo.

Ndiyo maana watoto wawili wenye nambari ileile ya bilirubini wanaweza kuwa na hatari tofauti. Mtoto njiti, mtoto mwenye maambukizi kwenye damu, au mwenye albumini kidogo, ana viti vichache. Madaktari hupima albumini na kuilinganisha na bilirubini wanapoamua kama mtoto mwenye kiwango cha juu abadilishwe damu. Ndiyo maana pia baadhi ya dawa, kama salfa na seftriaksoni, huepukwa kwa mtoto mchanga mwenye manjano. Mzazi anayenunua dawa dukani na kumpa mtoto wa siku tano bila kuandikiwa anaweza kuwanyang'anya abiria viti bila kujua.

Watafiti bado wanatafuta alama nyingine. Zipo protini, kama S100B, ambazo huvuja kutoka seli za ubongo zinapoumia na kuonekana kwenye damu. Tafiti zimezipima kwa watoto wenye manjano. Kwa sasa hazijawa vipimo vya kila siku wodini, na zina kasoro moja ya asili: zinaeleza jeraha lililokwisha kuanza. Bilirubini, albumini, kundi la damu na G6PD huonya kabla ya jeraha.

Pembetatu inafundisha nini leo

Turudi Rochford, maana pembetatu ile ina somo la pili. Mtoto aliyekuwa uani alionekana amepauka. Kwa macho, angeweza kudhaniwa amepona. Lakini ngozi iliyopigwa na mwanga hupauka haraka kuliko damu inavyosafishwa. Kwa sababu hiyo, mtoto aliye chini ya taa hapimwi kwa kuangaliwa rangi. Hata kile kifaa kinachogusishwa kwenye paji la uso hakitegemewi tena akishaanza taa. Hupimwa damu.

Kichupa cha dirishani nacho kina somo lake. Damu ya mtoto mwenye manjano ikikaa kwenye mwanga mkali, majibu hutoka chini kuliko ukweli. Hivyo wahudumu huzima taa wanapotoa damu, hukikinga kichupa na mwanga, na hukipeleka maabara bila kuchelewa. Mzazi akiona kichupa cha mwanawe kimefungwa kwa karatasi ya kung'aa, asishangae. Wanaepuka yaliyotokea Rochford.

Somo la macho lina uzito zaidi kwa familia zenye ngozi nyeusi. Mwaka 2023 taasisi ya Uingereza inayoshughulikia usawa wa afya, NHS Race and Health Observatory, ilitoa ripoti iliyoonya kwamba kutegemea rangi ya ngozi kutambua manjano si kwa kuaminika kwa watoto Weusi na wenye asili ya Asia. Familia zinazozungumza Kiswahili zinazoishi London, Leicester au Birmingham zinahusika moja kwa moja, na somo ni lilelile Mwanza, Mombasa au Bujumbura. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, tena kwenye mwanga wa mchana. Ukiona njano, kazi yako imekwisha kwa upande wa macho. Kinachofuata ni kipimo.

Na jua la asubuhi je?

Hapa ndipo habari ya Sista Ward huweza kueleweka vibaya. Katika familia nyingi, mama aliyejifungua huambiwa na bibi au shangazi amtoe mtoto jua la asubuhi ili manjano yaishe. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, na kama Rochford ilivyoonyesha, una chembe ya ukweli.

Lakini jua si tiba ya kutegemea nyumbani. Linachanganya mwanga wa buluu unaosaidia, mionzi inayounguza ngozi na joto linalokausha maji mwilini. Mtoto akivuliwa ili mwanga umfikie, anaweza kupoa au kuungua. Akifunikwa, mwanga unagusa uso tu. Hakuna anayejua amepata kiasi gani, na kibaya zaidi, anapauka usoni wakati damu yake bado inapanda.

Nchini Nigeria watafiti walionyesha mwaka 2015 kwamba jua lililochujwa linaweza kutibu pale ambapo umeme ni wa shida. Lakini watoto wale walikuwa hospitalini, chini ya mahema yenye karatasi maalumu inayozuia mionzi mibaya na joto, wakipimwa joto la mwili na damu. Jua lilifanya kazi kwa sababu kipimo kilikuwepo. Kumwanika mtoto uani kwa siku tatu ukisubiri apauke ni jambo tofauti kabisa. Siku hizo tatu ndizo ambazo ubongo huwa hatarini zaidi.

Taa ikianza mapema, mara nyingi hutosha. Ikichelewa, hubaki kumbadilisha mtoto damu, kazi inayofanyika katika hospitali chache na yenye hatari zake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mzazi afanye nini

Mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo ukiona njano kwenye macho au fizi. Akiwa hajatimiza saa 24, usisubiri hata kupambazuke. Fanya hivyohivyo akilala mno na kuwa mgumu kuamka, akikataa kunyonya, akilegea, akilia kwa sauti nyembamba kali isiyo ya kawaida, akijipinda kwa nyuma kama upinde, au akipata degedege.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku. Maziwa humsaidia kupata choo, na bilirubini hutoka nacho. Usimpe maji wala maji ya sukari. Hayatoi manjano, na hujaza tumbo lililopaswa kujaa maziwa.

Mama ajue kundi lake la damu tangu kliniki ya wajawazito. Akiwa Rh hasi, aulize kuhusu sindano ya anti-D. Mtoto aliyetangulia akiwa aliwahi kuwekwa taa au kubadilishwa damu, au ndugu wa mtoto wana upungufu wa G6PD, aseme kabla hajaulizwa. Nguo za mtoto zisihifadhiwe na vidonge vya nondo.

Manjano yakizidi siku 14 kwa mtoto aliyetimiza miezi, au 21 kwa njiti, arudi kupimwa hata kama ananyonya vizuri. Kinyesi cheupe kama chokaa pamoja na mkojo mweusi ni dalili ya tatizo la ini au njia ya nyongo, na hilo nalo halisubiri.

Ukiwa hospitalini, uliza maswali haya: Bilirubini ya mwanangu ni ngapi, na kwa kipimo gani? Kwa umri wake wa saa hizi, ipo juu au chini ya kizingiti cha taa? Imepanda au imeshuka tangu kipimo kilichopita? Kundi lake la damu ni lipi, na Coombs na G6PD zimepimwa? Tutapima tena saa ngapi? Na kama kiwango kilifika juu sana, atapimwa usikivu lini?

Yaandike majibu kwenye simu pamoja na saa. Ukihamishiwa hospitali nyingine usiku, nambari hizo ndizo zitakazomwambia daktari mpya kama mtoto ana muda au hana.